Kupe wa Lyme na Mabishano ya Waganga

Msomaji, mgonjwa aendaye kwa daktari hutaraji mambo mawili. La kwanza ni kwamba ataaminiwa asemapo kuwa anaumwa. La pili ni kwamba dawa atakayopewa imekwisha kujaribiwa ikaonekana kuwa yafaa. Mara nyingi mambo hayo mawili huenda pamoja, wala hatuna haja ya kuyafikiria. Nataka kukusimulia habari za maradhi ambayo ndani yake mambo hayo yalitengana, hata watu wenye elimu na nia njema wakagawanyika makundi mawili na kulaumiana kwa ukali, ilhali wote walitaka mgonjwa apone.

Katika jimbo la Connecticut, kaskazini-mashariki ya Marekani, pana mji mdogo uitwao Lyme, karibu na mahali ambapo mto Connecticut humwaga maji yake baharini. Wakulima wa zamani walikuwa wameifyeka misitu ya huko karibu yote wapate mashamba. Katika karne ya 19 wengi wao walihamia magharibi kwenye ardhi iliyo nzuri zaidi, au walikwenda mijini kufanya kazi viwandani. Mashamba yaliachwa, miti ikaota tena, na paa wenye mkia mweupe, ambao walikuwa karibu kumalizika kwa kuwindwa, wakarejea kwa wingi. Kisha watu wenye uwezo wakaja kujenga nyumba zao humo msituni. Hivyo paa, panya wa mwituni, kupe na mwanadamu wakawa majirani, na hapana aliyetambua kwamba ujirani huo ungeleta balaa.

Miongoni mwa wakazi hao alikuwako mama mmoja, Bibi Polly Murray. Tangu miaka ya 1960 alikuwa akisumbuliwa na maumivu ya viungo, uchovu, homa na vipele ambavyo madaktari hawakuweza kuvipatia jina. Baadaye mumewe na watoto wake nao waliugua. Alikwenda kwa daktari huyu na yule, akafanyiwa vipimo vingi, na mwishowe alipewa kufahamu kwamba pengine maradhi yake yalikuwa katika fikira tu. Bibi huyu hakuwa daktari, lakini alifanya jambo ambalo daktari mwema hulifanya: aliandika. Katika karatasi zake alitia tarehe, dalili, na majina ya majirani ambao watoto wao walikuwa wakivimba magoti. Mwaka 1975 alizipeleka habari hizo kwa wakuu wa afya wa jimbo. Mama mwingine wa mji ule, Bibi Judith Mensch, naye alipiga simu kueleza habari kama hizo.

Daktari kijana wa Chuo Kikuu cha Yale, Allen Steere, alitumwa kuchunguza. Alisikiliza, kisha akaenda nyumba kwa nyumba. Katika mji wa Lyme na miji miwili jirani, yenye watu wapatao 12,000, alipata wagonjwa 51, watoto 39 na watu wazima 12. Katika baadhi ya barabara za mashambani, mtoto mmoja katika kila kumi alikuwa na baridi yabisi, na hayo si maradhi ya watoto kwa kawaida. Wengi walianza kuugua wakati wa kiangazi, na robo yao walikumbuka kwamba kabla ya viungo kuvimba walitokwa na doa jekundu lililozidi kupanuka ngozini. Steere na wenzake walitangaza habari hizo mwaka 1977, na maradhi yakapata jina la mji ule.

Doa lile lilikuwa ufunguo. Mwaka 1909 daktari wa ngozi wa Uswidi, Arvid Afzelius, alikuwa amewaeleza wenzake mjini Stockholm habari za doa la namna hiyo, naye alilihusisha na kuumwa na kupe. Ulaya walilijua doa, Marekani walijua magoti yaliyovimba. Kilichokuwa hakijulikani pande zote mbili ni kile kidudu ambacho kupe alikuwa akikitia mwilini.

Hapa, msomaji, hadithi yetu yapita kwetu Afrika, na tena si kwa kulazimishwa. Huenda umesikia wazee wakitaja papasi, yule mdudu wa jamii ya kupe akaaye katika nyufa za kuta na sakafu za udongo, atokaye usiku kunyonya damu ya aliyelala. Homa aletayo huja, huondoka, kisha hurudi tena na tena. Watu wa nchi zetu waliijua homa hiyo kabla ya daktari yeyote wa Ulaya kuiandika. Mwaka 1904 Ross na Milne, waliokuwa Uganda, walionyesha kwamba inatokana na kidudu chembamba kilichojisokota kama uzi wa parafujo. Mwaka 1905 Robert Koch aliichunguza katika Afrika Mashariki ya Wadachi, akaona kwamba kidudu hicho hupita hata katika mayai ya papasi, hivi kwamba mdudu huzaliwa akiwa na sumu yake. Mwaka huo huo Everett Dutton, Mwingereza aliyekuwa akiichunguza homa hiyo katika Kongo, aliambukizwa nayo akafa mjini Kasongo. Kidudu kile kikaitwa Borrelia duttoni, kwa ukumbusho wake.

Mara baada ya Vita Kuu ya Pili, kijana mmoja Mswisi, Willy Burgdorfer, alikuwa mwanafunzi mjini Basel. Mwalimu wake, Rudolf Geigy, alikuwa mpenzi wa mambo ya Afrika, naye ndiye aliyefungua maabara Ifakara, Tanganyika, mwaka 1957. Geigy alimpa Burgdorfer kazi ya kuchunguza jinsi Borrelia duttoni aishivyo na kuongezeka ndani ya papasi. Kijana yule alitumia miezi mingi akiwapasua wadudu wa Afrika chini ya hadubini. Kisha alihamia Marekani, katika maabara ya serikali iliyoko Hamilton, Montana, akakaa huko maisha yake yote.

Mwaka 1981 aliletewa kupe waliokusanywa katika kisiwa cha Shelter Island, New York. Alikuwa akitafuta kidudu cha homa nyingine kabisa, wala hakukiona. Lakini alipotazama matumbo ya kupe hao, aliona nyuzi nyembamba zilizojisokota. Mtu mwingine angeweza kuzipita, lakini yeye alikuwa amezoea kuona ndugu zake katika papasi. Alizitambua. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1982, na mwaka 1984 kidudu kilipewa jina la Borrelia burgdorferi. Nionavyo mimi, katika vitabu vingi vya Kizungu sehemu ya papasi katika ugunduzi huu hutajwa kwa ufupi mno.

Tangu hapo mambo yangeweza kuwa mepesi. Kidudu cha Lyme huuawa na dawa za antibiotiki, na mgonjwa akipewa doksisaiklini au amoksilini mapema kwa siku kumi hadi wiki chache, kwa kawaida hupona. Lakini si wote. Wakuu wa afya wa Marekani husema kwamba kati ya watu 5 na 10 katika kila 100 waliotibiwa hubaki kwa miezi mingi na uchovu, maumivu ya mwili na akili iliyopungua wepesi. Kwa nini? Hapo ndipo wataalamu walipoachana njia.

Kundi la kwanza lilisema kwamba vidudu vingali vimejificha mwilini, na dawa ziendelee kwa miezi, pengine miaka, tena kwa mpira utiwao katika mshipa wa damu. Wenye maoni hayo waliyaita maradhi hayo Lyme sugu, wakaunda chama chao mwaka 1999. Kundi la pili, lenye wataalamu wengi wa magonjwa ya kuambukiza, lilijibu kwamba vidudu vimekwisha kufa, na taabu iliyobaki ni kovu la vita ambavyo mwili umepigana. Waliongeza kwamba baadhi ya waitwao wagonjwa wa Lyme sugu hawakupata kuwa na Lyme kabisa. Mkumbuke Bibi Murray, msomaji, aliyeambiwa kwamba maradhi yake yalikuwa fikira tu. Wagonjwa wapya walimkumbuka. Waliposikia madaktari wakisema kwamba hapana kidudu, walisikia maneno yale yale ya zamani, ijapokuwa hayakuwa yale yale. Hata Steere, aliyekuwa shujaa wao hapo mwanzo, alichukiwa na kutishwa kwa sababu alisema kwamba Lyme inatajwa kupita kiasi. Ugomvi ulifika hadi kwa mwanasheria mkuu wa Connecticut, ambaye alichunguza jinsi mwongozo wa matibabu wa mwaka 2006 ulivyotungwa. Baada ya mapatano ya 2008 baraza jipya liliupitia mwongozo huo, na mwaka 2010 likaukubali.

Jambo la namna hii haliamuliwi kwa sauti kubwa, bali kwa majaribio. Jaribio la haki hugawanya wagonjwa kwa bahati nasibu: nusu hupewa dawa ya kweli, nusu hupewa dawa bandia isiyo na kitu, wala mgonjwa wala daktari asijue nani kapewa nini mpaka mwisho. Mark Klempner na wenzake walifanya hivyo kwa wagonjwa 129, wakatoa matokeo yao mwaka 2001. Walitoa dawa ya mshipa siku 30, kisha vidonge siku 60. Kati ya wagonjwa ambao damu yao ilionyesha alama za Lyme, waliopata nafuu kwa dawa ya kweli walikuwa 37 katika kila 100. Waliopata nafuu kwa dawa bandia walikuwa 40. Tafadhali zisome tena tarakimu hizo. Kisha ongeza na hili, ambalo wengi walilisahau: Klempner alikuta pia kwamba wagonjwa hao walikuwa na taabu kweli, taabu iliyolingana na ya watu ambao moyo wao umeshindwa kazi. Basi jaribio moja lilitoa majibu mawili: dawa ile haikufaa, na mgonjwa hakusema uongo. Kila kundi lilichukua jibu moja likaliacha la pili.

Majaribio mengine yalifuata. Jaribio la mwaka 2003 lilionyesha kwamba uchovu wa baadhi ya wagonjwa ulipungua, lakini akili haikurudi upya, na madhara ya dawa yalikuwapo. Nchini Uholanzi, mwaka 2016, wagonjwa 280 walijaribiwa, na waliotumia antibiotiki majuma kumi na mawili zaidi hawakuwazidi wenzao. Wakati huo huo mpira wa mshipani ulileta hatari yake. Mwaka 2017 wakuu wa afya wa Marekani walieleza habari za wagonjwa watano waliopata madhara makubwa kwa matibabu ya namna hiyo, na wengine wao walikufa.

Mgonjwa aliyeambiwa kwamba dawa za hospitali zimekwisha atakwenda wapi? Wengi walikwenda kwa watu ambao mikono yao ndiyo dawa, na kwa wale waunganishao tiba ya hospitali na chakula, mitishamba, usingizi, mazoezi na sindano za Kichina. Usiwacheke. Mimi mwenyewe nilipoteguka goti nikiwa mdogo, nyanya yangu alinichua kwa mafuta ya nazi kila jioni, na hata leo sijui kama ni mafuta au ni nyanya yaliyoniponya.

Tiba ya mikono iliyopata nguvu zaidi Marekani ni osteopathi, na mwanzo wake ni msiba. Andrew Taylor Still alizaliwa Virginia mwaka 1828, akafuata kazi ya udaktari ya baba yake huko Kansas. Zama hizo daktari alikuwa na zebaki, afyuni, pombe na dawa za kutapisha, na mara nyingi dawa iliua upesi kuliko ugonjwa. Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo iliingia nyumbani kwa Still ikawachukua watoto watatu. Madaktari waliitwa, wakatoa kila walichokuwa nacho, na watoto wakafa. Baba yule alijiuliza kama Mungu aliumba mwili usioweza kujisaidia, na jibu lake mwenyewe lilikuwa hapana. Alichimba mifupa ya maiti akaisoma mmoja mmoja. Tarehe 22 Juni 1874 alitangaza mafundisho yake: kwamba mwili una dawa zake wenyewe, kwamba damu ikipita bila kizuizi afya hurudi, na kwamba mkono wenye elimu ya mifupa na misuli waweza kukiondoa kizuizi hicho. Alidharauliwa sana. Akahamia Kirksville, Missouri, watu wakaanza kumjia kwa treni, na mwaka 1892 akafungua chuo, ambacho tangu darasa la kwanza kilipokea wanawake.

Still alikuwa amekosea na alikuwa sahihi. Alikosea alipozikataa dawa karibu zote, maana hakuna mkono uwezao kuua kidudu cha kifaduro au cha Lyme. Alikuwa sahihi kuhusu dawa za wakati wake, ambazo nyingi zilikuwa sumu. Mwaka 1910 ripoti ya Abraham Flexner juu ya vyuo vya udaktari iliwashutumu wanafunzi wake vikali. Nao hawakuziba masikio. Baada ya Still kufa mwaka 1917, vyuo vyake vilizidi kufundisha dawa, upasuaji na sayansi, mpaka mwaka 1973 jimbo la mwisho, Mississippi, likawaruhusu kutibu sawasawa na madaktari wengine. Leo mwanafunzi mmoja katika kila wanne wa udaktari Marekani husoma katika chuo cha osteopathi. Jihadhari lakini usichanganye: katika Uingereza mwenye jina hilo hutibu kwa mikono tu, wala si daktari.

Daktari wa osteopathi akimpata mgonjwa wa Lyme aliye na doa jekundu, humwandikia antibiotiki kama daktari mwingine yeyote. Akimpata aliyekwisha kutibiwa na bado anaumwa, hutia mikono yake shingoni, mbavuni na mgongoni, akalegeza misuli iliyokaza. Pengine husukuma kifua kwa mwendo wa pole pole, njia iliyoelezwa na Earl Miller mwaka 1926, ambayo kusudi lake ni kuharakisha maji ya limfu yanayosafisha mwili. Je, huharakisha kweli? Kwa mbwa waliochunguzwa maabarani, ndiyo. Lakini mwaka 2010, wazee na watu wazima 406 waliougua kichomi walipojaribiwa, wote wakihesabiwa pamoja, waliosukumwa hawakutoka hospitali mapema kuliko waliotibiwa kwa njia ya kawaida. Kwa maumivu ya mgongo tiba hiyo imeonekana kusaidia kwa kiasi. Kwa kidudu cha Lyme, hapana jaribio lolote lililoonyesha kwamba mikono humtoa mwilini. Anayesema mikono yake humpunguzia mgonjwa maumivu na kumletea usingizi, asema jambo linaloweza kuwa kweli. Anayesema mikono yake inaponya Lyme, na kupokea fedha kwa ahadi hiyo, auza asichokuwa nacho.

Sasa nikueleze kisa ambacho wengi hawakijui. Katika baraza la Marekani alikuwako mjumbe wa Iowa, Berkley Bedell, mtu aliyetajirika kwa kuuza vyombo vya kuvulia samaki. Aliugua Lyme, akadhoofu hata hakugombea tena kiti chake mwaka 1986. Baada ya antibiotiki nyingi alikunywa maji ya dang'a ya ng'ombe aliyetiwa vidudu vya maradhi hayo, naye akaamini mpaka mwisho wa maisha yake kwamba dang'a ndiyo iliyomponya. Yumkini. Lakini mtu mmoja hawezi kuwa jaribio, kwa sababu hatuwezi kumrudisha nyuma tuone angekuwaje bila dang'a. Bedell alikuwa rafiki wa Seneta Tom Harkin wa jimbo lile lile, ambaye aliamini kwamba chavua ya nyuki ilimtoa mafua yake ya mzio. Wawili hao wakaishawishi serikali, na mwaka 1991 baraza likatenga dola milioni 2 ili ianzishwe ofisi ya kuchunguza tiba zisizo za kawaida. Ofisi ile ilikua, na tangu mwaka 2014 jina lake hutaja tiba ya kuunganisha. Wanasayansi wengi waliikasirikia, wakiona fedha za umma zikipotea. Hata hivyo ofisi hiyo iliwalazimisha wauza tiba kuingia katika mizani ile ile ya Klempner, na tiba nyingi zilizoingia humo zilitoka nyepesi.

Mojawapo ya mitishamba ambayo waganga wa kuunganisha huwapa wagonjwa wa Lyme yatoka bara letu. Ni mmea uitwao Cryptolepis sanguinolenta, ambao mizizi yake watu wa Ghana wameitumia muda mrefu kutibu malaria. Mwaka 2020 wachunguzi waliokuwa pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliutia pamoja na dawa nyingine za mimea katika vichupa vyenye vidudu vya Lyme, na mmea huo wa Ghana uliwaua vizuri kupita hata antibiotiki zilizolinganishwa nao. Habari zilienea upesi, na wauzaji wakapandisha sauti. Kwa wale waliosoma taarifa yenyewe hadi mwisho, jambo lilikuwa wazi: katika kichupa hapana tumbo la kumeng'enya dawa, hapana ini la kuivunja, hapana figo za kudhurika, wala hapana mama wa Connecticut mwenye daftari lake, akiandika kila asubuhi goti lipi limevimba.